Safari ya Shoka: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Mkutano wa Tawi



Tumeombwa tuseme machache juu ya kazi yetu ya kukata miti kando ya reli. Jinsi ya kukata mti mnaijua. Twataka kusema juu ya safari ya vyombo, tangu stoo mpaka penye mti na kurudi. Wengi hudhani hatari ni mti uangukapo. Sisi wa genge letu tuliumia kabla mti haujaguswa.

Asubuhi moja tulipakia mashoka na mapanga katika toroli, tukatupa magunia juu yake, kisha tukakaa juu ya magunia, kwa kuwa toroli ilikuwa moja tu. Penye kona breki ilikazwa ghafula, tukasukumana. Shoka moja lilikuwa limelala makali juu. Mwenzetu alikatwa kano nyuma ya goti. Siku hizi analinda geti, wala hawezi kuchuchumaa. Nyapara alisema ni bahati mbaya. Sisi twasema ni gunia lililoficha makali badala ya kuyafunga.

Basi tangu siku ile kila shoka lina ala. Hatukungoja tupewe, tulikata mpira wa gurudumu lililochakaa, tukaushona kwa waya. Msumeno wa watu wawili tuliuvika menoni bomba la mpira lililopasuliwa kwa urefu. Vyombo hukaa ndani ya sanduku lililofungwa kamba. Nafasi ikiwa haitoshi watu na vyombo, vyombo hutangulia, watu hungoja safari ya pili. Nyapara hakupenda, kwa ajili ya saa zinazopotea. Tulimhesabia siku alizolala mwenzetu hospitali, akanyamaza.

Ukitembea, usichukue shoka begani. Lishike karibu na kichwa chake, mkono umenyooka, na mahali penye mteremko lichukue upande wa bondeni, ili ukiteleza ulitupe mbali nawe. Mpe mwenzio mkononi, usimrushie.

Tazameni na mpini. Wengine huuloweka majini usiku kucha. Mti huvimba, asubuhi shoka limekaza. Saa sita jua likisha kuukausha, lalegea kuliko jana. Dawa ni kabari, au mpini mpya. Jambo hili ni la zamani: Kumbukumbu la Torati, sura ya 19, yataja shoka lililochomoka mpinini likamwua jirani, na aliyelishika akapewa mji wa kukimbilia. Sisi hatuna mji huo.

Msumeno wa injini, yaani pawaso, huzimwa kabla ya kuchukuliwa, hata kwa mti wa pili ulio karibu. Mnyororo uvikwe ala, ubapa uelekee nyuma, na bomba la moshi liwe mbali na mguu, maana huchoma. Petroli itiwe katika kopo la petroli lenye kifuniko, si katika chupa ya soda. Na kopo likijazwa liwekwe chini, si juu ya lori. Ukisha kutia mafuta katika msumeno, nenda nao mita 3 ndipo uuwashe. Wala kamba ya kupandia isilale pamoja na mafuta. Kamba hiyo hubeba mtu.

Tena si kazi yetu peke yetu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 6, yamtaka mwajiri aangalie usalama katika kutumia, kuweka na kusafirisha vyombo. Mtu akiumia, toeni habari siku ile ile, hata kama kidonda ni kidogo. Kwa Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka huo huo, madai ya fidia hupelekwa kabla ya miezi 12 kupita. Mwenzetu aliambiwa asubiri kwanza apone, nusura akose.

Barua ya kuomba ala, masanduku na toroli ya pili iko mezani kwa Katibu. Wenzetu wa magenge mengine ambao hawajatia sahihi, kalamu iko pale pale.