MELI ILIYOBEBA SUMU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa tawi)



Sisi watu wa visiwa, mafuta yote tuyatumiayo hutufikia kwa meli. Basi khabari ya meli ya Probo Koala yatuhusu.

Mwaka 2006 kampuni ya Trafigura iliyaosha mafuta yenye salfa nyingi kwa kostiki soda ndani ya meli hiyo, ili yapate kuchanganywa na petroli na kuuzwa. Yakabaki matakataka yanukayo. Mwezi wa Julai yalifika Amsterdam, nayo yakatajwa kuwa ni maji ya kuoshea matangi tu. Mkandarasi wa bandarini alipoyapima alipandisha bei. Wenye mali wakakataa kulipa. Wakuu wa mji wakaruhusu yarudishwe melini, na meli ikang'oa nanga.

Hapa ndipo pa kutazamwa. Mkataba wa Basel wa 1989 unaamrisha kwamba taka za khatari zisivuke mpaka ila nchi itakayozipokea imearifiwa na kuridhia kwa maandishi. Sheria ilikuwapo, na karani alikuwapo. Aliyekosekana ni wa kuizuia kamba ya meli.

Tarehe 19 Agosti taka zile, zaidi ya mita za ujazo 500, zilishushwa Abidjan, zikamwagwa usiku sehemu nyingi za mji. Watu zaidi ya 100,000 walikwenda kutafuta matibabu, na wakuu wa Kodivaa walitaja wafu wasiopungua 15. Kampuni ilikana kuwa taka hizo ziliua. Mwaka 2010 mahakama ya Amsterdam iliitoza faini ya euro milioni 1, fedha ambayo tajiri wa mafuta huihesabu kuwa ni nauli.

Tena mafuta yenyewe ni mchanganyiko, na ndani ya mchanganyiko mengi hufichika. Mwaka 2022 meli zipatazo 200 zilitiwa Singapore mafuta yaliyoingia madawa ya klorini, na kiasi cha 80 zikaharibikiwa pampu na injini. Mafuta hayo yalikuwa yamepakiwa Khor Fakkan, katika Ghuba ya Oman, bahari hii hii yetu.

Kwa hiyo tumewaagiza wajumbe wetu waulize Barazani: kabla bomba halijafunguliwa bandarini kwetu, nani huchota sampuli, na cheti cha kupimwa kwake mwananchi akione wapi? Jibu litakapotolewa tutalichapa humu, neno kwa neno.