Wiki ya Tatu Ndiyo Mtihani

Mazungumzo ya Afisa Habari kwa wakazi wa kata wanaojiandaa kwa mbio zao za kwanza za masafa marefu



Siku ya kwanza ya mazoezi haina shida: ari ni mpya na majirani wanatushangilia. Mtihani huja wiki ya tatu, mvua ikiwa imenyesha, njia zimejaa matope, misuli inauma na siku ya mbio bado iko mbali. Hapo ndipo wengi huacha, na ndipo ninapotaka tusimame leo.

Tumtazame Mtanzania mwenzetu, Alphonce Simbu. Mwaka 2016 katika Olimpiki ya Rio alimaliza marathoni akiwa wa 5. Mwaka 2017 alipata shaba katika mashindano ya dunia jijini London. Ikapita miaka 8 asipate tena medali katika mashindano hayo. Septemba 2025, jijini Tokyo, akawa bingwa wa dunia. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2 dakika 9 na sekunde 48. Kilichowatenganisha baada ya kilomita 42.195 kilikuwa chembe ya sekunde. Chembe hiyo haikupatikana siku ile. Ilikusanywa katika asubuhi nyingi ambazo hakuna aliyempigia makofi.

Nasi tukusanye zetu kwa utaratibu. Kwanza, tukimbie polepole, kwa mwendo unaomruhusu mtu kuzungumza na mwenzake. Anayeanza kwa kasi huchoka, kisha hujidhania hawezi. Kutembea kidogo katikati ya mbio si aibu. Pili, tuongeze umbali kidogo kidogo, na tuwe na siku za kupumzika. Tatu, tuwe na mwenza. Ukijua kuna mtu anakusubiri njia panda alfajiri, blanketi hupoteza nguvu zake. Nne, tuandike kila siku tulichokimbia. Siku ya kukata tamaa, daftari litakukumbusha ulikotoka.

Lakini ari isitupofushe. Barabara kuu ya kwenda mpakani ina malori usiku na mchana. Si uwanja wa mazoezi. Tutumie njia za mitaa na viwanja vya michezo. Palipo lazima kupita barabarani, tukae upande wa kulia ili tuyaone magari yanayotujia, na tuvae nguo zinazoonekana gizani. Akina dada wasiachwe wakimbie peke yao alfajiri. Kundi ni ulinzi.

Vilevile, kabla ya kuanza, mwenye umri mkubwa, shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya moyo afike kwanza kituo cha afya akapimwe na kushauriwa. Maumivu ya kifua au kizunguzungu si uvivu; ni amri ya kusimama na kutafuta matibabu.

Ndugu zangu, wengi wetu hatutapanda jukwaa la washindi. Faida yetu ni nyingine: mwili wenye afya, na kujua kwamba tulilolianza tumelimaliza. Basi wiki ya tatu ikifika na mvua ikinyesha, usijiulize kama utamaliza kilomita zote. Jiulize tu kama unaweza kuvaa viatu na kufika njia panda. Mwenzako atakuwa anakusubiri.