Hesabu za Afya Zinatuambia Nini Sisi wa Ufipa?

Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Sumbawanga



Leo tuzungumze juu ya hesabu za afya. Tusiogope neno hesabu. Mkulima wa Ufipa anahesabu kila mwaka. Anajua shamba lake ni eka ngapi. Anajua amepanda mbegu kiasi gani, na amevuna magunia mangapi. Akivuna machache kuliko mwaka jana, anauliza sababu. Je, ni mvua? Ni mbolea? Ni viwavi?

Afya ya watu inapimwa vivyo hivyo. Tunahesabu, tunalinganisha, tunauliza sababu, halafu tunatenda. Tukihesabu na kuliweka daftari kabatini, tumepoteza wino bure.

TUKO WANGAPI?

Hesabu ya kwanza ni ya watu wenyewe. Tangu Uhuru, nchi yetu imefanya sensa mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022.

Katika sensa ya 2012, mkoa wa Rukwa ulikuwa na watu 1,004,539. Katika sensa ya 2022, tulikuwa 1,540,519. Toa hesabu ya kwanza katika ya pili. Utapata watu 535,980 walioongezeka kwa miaka 10. Yaani mahali palipokuwa na watu 100, sasa wapo 153.

Kwa nini tumeongezeka hivyo? Watoto wengi wanazaliwa. Tena wako ndugu waliohamia kwetu kutafuta ardhi na malisho, hasa katika Bonde la Rukwa.

Sasa tujiulize. Kama zahanati yenu ilitosha watu wa 2012, je, vitanda na dawa vimeongezeka kwa nusu nyingine? Na mhudumu aliyekuwa peke yake, amepata mwenzake? Kumbe hesabu ya watu si ya wakubwa wa Dodoma tu. Hata sisi tunaweza kuitumia tunapodai haki yetu katika mkutano wa kijiji.

KATI YA KILA NGAPI?

Ebu tufanye mfano. Tuseme katika kijiji cha kwanza wamekufa watoto wachanga 10 mwaka huu. Katika kijiji cha pili wamekufa 12. Kijiji kipi kina hali mbaya zaidi?

Wengi watajibu haraka: cha pili. Ngojeni kwanza. Kijiji cha kwanza walizaliwa watoto 100. Kijiji cha pili walizaliwa 400. Basi katika kijiji cha kwanza, kati ya kila watoto 100 wamekufa 10. Katika kijiji cha pili, kati ya kila 100 wamekufa 3 tu. Hali mbaya iko katika kijiji cha kwanza.

Ndiyo maana wataalamu husema "kati ya kila 100" au "kati ya kila 1,000". Hata nyinyi, mkiambiwa idadi ya wagonjwa au ya vifo, ulizeni: kati ya wangapi?

Tutoe mfano wa kweli. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa 2015-16 ulionyesha kuwa Tanzania nzima, kati ya kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 67 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Utafiti wa 2022 ulionyesha 43. Vifo vimepungua sana. Lakini hao 43 ni watoto wa watu, nao wamelazwa makaburini.

Pengine mtu atauliza: hao watafiti hawakufika kwangu, wamejuaje? Mama akipika maharage, haonji chungu kizima ili ajue kama yameiva. Anakoroga vizuri, anaonja machache. Watafiti nao huchagua kaya kwa kura katika kila mkoa, mjini na vijijini. Kazi yao ni kukoroga vizuri, wasichote upande mmoja tu wa chungu. Kazi yetu, kaya yetu ikichaguliwa, ni kusema kweli.

GHALA LIMEJAA, MTOTO AMEDUMAA

Sasa tufike kwenye jambo lililotuleta hapa.

Mkoa wetu unasifika kwa chakula. Mahindi yetu yanalisha watu wa mikoa mingine, na mengine yanavuka mpaka. Tuna maharage, ulezi, ngano, karanga na alizeti. Ziwa Tanganyika linatupa migebuka na dagaa. Mgeni akipita Ufipa wakati wa mavuno atasema huku hakuna njaa.

Lakini hesabu inasema jambo jingine. Mwaka 2015-16, kati ya kila watoto 100 wa Rukwa wenye umri chini ya miaka 5, 56 walikuwa wamedumaa. Mwaka 2022 walikuwa karibu 50. Kwa Tanzania nzima mwaka huo walikuwa 30. Maana yake, wapange watoto wadogo wa mkoa wetu wawili wawili. Katika kila wawili, mmoja amedumaa.

Kudumaa ni nini? Ni mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wake, kwa sababu hakupata lishe bora kwa muda mrefu, au aliugua mara kwa mara. Wengine husema, "Huyu ni mfupi kwa ukoo tu." Mtoto mmoja anaweza kuwa hivyo. Lakini nusu ya watoto wa mkoa mzima hawawezi kuwa hivyo kwa ukoo. Tena ubongo nao unajengwa wakati mwili unajengwa. Mtoto aliyedumaa huenda akapata shida darasani, na akiwa mtu mzima huenda akakosa nguvu za kutosha kazini. Akishapita miaka 2, ni vigumu kurudisha kilichopotea.

Wenzetu wa Iringa na Njombe nao wamo katika shida hii. Katika utafiti wa 2022, mikoa iliyokuwa na udumavu mwingi kuliko yote ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa. Yote mitatu ni mikoa ya mahindi! Kwa hiyo magunia ghalani hayatoshi kutuambia hali ya mtoto.

Tufuate njia ya sababu, kama tunavyofuata nyayo za nguruwe pori shambani. Mahindi hushibisha, lakini peke yake hayajengi mwili. Mtoto anayepewa uji wa sembe mtupu asubuhi, na ugali mchana na jioni, tumbo linajaa na mwili unabaki na njaa. Maharage na karanga tunavyo, lakini mara nyingi gunia zima linaenda mnadani. Mama anashinda shambani na mimba yake, anarudi na kuni kichwani. Akijifungua, baada ya muda mfupi yuko shambani tena, na mtoto ameachwa kwa dada yake mdogo. Tumbo la mtoto ni dogo, linahitaji kujazwa mara nyingi kwa siku. Nani atamlisha? Na mahali ambapo choo ni kibovu na maji ni machafu, mtoto anaharisha, na hata kile kidogo alichokula kinapotea.

WASTANI UNAFICHA MAMBO

Tuwe waangalifu pia. Hesabu moja ya mkoa mzima inachanganya watu wa mahali mbalimbali. Sisi wa uwanda wa juu, Sumbawanga mjini, Laela, Matai na Namanyere, tunaishi kwenye baridi. Mbu wa malaria hawapendi baridi yetu. Ukishuka Bonde la Rukwa, Muze au Mtowisa, joto ni kali na malaria ni jirani wa kila siku. Na kule mwambao wa Ziwa Tanganyika, Kirando na Kasanga, samaki wapo, lakini kijiji kingine kiko mbali sana na hospitali.

Ukichanganya wote hawa ukapata hesabu moja, hesabu hiyo si ya mtu yeyote hasa. Inasaidia kulinganisha mkoa na mkoa. Ya kupanga kazi ya kijiji lazima itoke kijijini.

WENZETU WALIFANYAJE?

Je, hesabu iliwahi kuokoa watoto? Ndiyo, hapa hapa Tanzania.

Katika miaka ya 1990, Wizara ya Afya na shirika la utafiti la Kanada walianza mradi ulioitwa TEHIP katika wilaya mbili: Rufiji na Morogoro Vijijini. Waandikishaji walikuwa wanapita nyumba hadi nyumba. Waliandika nani amezaliwa, nani amekufa, nani amehama. Palipotokea msiba, waliuliza kwa heshima dalili za marehemu, ili wajue ugonjwa.

Hesabu zikaonyesha jambo la ajabu. Malaria ilikuwa inaleta karibu 30 kati ya kila sehemu 100 za hasara yote ya maradhi na vifo. Lakini katika fedha za afya za wilaya, malaria ilikuwa inapata kama 5 tu kati ya kila 100. Fedha zilikuwa zinakwenda kwingine kwa mazoea.

Viongozi wa wilaya wakabadili mipango yao. Wakaongeza fedha kwenye malaria na maradhi ya watoto, wakafundisha wahudumu, wakasukuma vyandarua. Fedha iliyoongezwa haikuwa kubwa, kama dola moja hivi kwa kila mtu kwa mwaka. Katika miaka michache vifo vya watoto wadogo vikapungua kwa zaidi ya 40 kati ya kila 100. Hesabu iliwaonyesha mahali pa kupiga jembe, nao wakalipiga.

Mfano mwingine ni Iringa. Katika miaka ya 1980, vijiji vya Iringa vilikuwa vinapima watoto uzito kila baada ya miezi 3. Matokeo yalipelekwa kwenye halmashauri ya kijiji, yakajadiliwa. Watoto wenye utapiamlo mkali wakapungua. Lakini mmesikia hesabu ya 2022: Iringa bado ina udumavu mwingi. Tunajifunza mambo mawili. Kazi ya kupima haina mwisho. Na tusipime uzito peke yake, tupime na urefu.

WASIOANDIKWA

Liko jambo zito tuliseme. Mtoto akizaliwa nyumbani na kufa siku ile ile, mara nyingi tunamzika kimya kimya. Tunasema, "Hakuwa riziki." Hatumpeleki jina kwa mtendaji wa kijiji. Zahanati haina habari.

Huzuni ya wazazi tunaiheshimu. Lakini tuangalie matokeo. Katika daftari, mtoto yule hakuzaliwa, wala hakufa. Mwaka ukiisha, kijiji kinaonekana salama. Wilaya inasema, kijiji hiki hakina shida, mkunga apelekwe kwingine. Mwaka unaofuata mama mwingine anapoteza mtoto kwa sababu ile ile.

Vivyo hivyo, hesabu ya zahanati ni ya waliofika zahanati. Aliyeshindwa njia kwa mvua, aliyekosa nauli, aliyebaki nyumbani na kichomi, huyo hayumo. Wagonjwa wachache daftarini si dalili ya afya siku zote. Pengine ni dalili ya njia mbaya.

TUFANYE NINI?

Mwaka 1973 vikundi vya watu wazima vilikusanyika karibu na redio katika kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai. Watu walisikiliza, walisoma vitabu pamoja, wakatoka wakachimba vyoo. Hawakungoja mtu mwingine. Nasi tufanye haya:

1. Kila kizazi na kila kifo kiandikishwe kwa mtendaji wa kijiji, hata cha mtoto wa saa moja.

2. Mtoto apelekwe kliniki kila mwezi unaotakiwa. Tuisome kadi yake wenyewe, maana kusoma tunajua. Mstari ukipanda, vizuri. Ukilala au ukishuka, tuulize siku ile ile. Tumwombe mhudumu ampime na urefu.

3. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji isiwe ya akina mama peke yao. Akina baba waje. Mwisho wa siku hesabu isomwe mbele ya watu wote: wamepimwa wangapi, kati ya wangapi, na wangapi wana hali mbaya. Majina ya watoto yasitangazwe, tusiwaaibishe wazazi.

4. Kabla gunia la maharage au karanga halijapelekwa mnadani, baba na mama watenge la nyumbani. Uji wa mtoto uwe mzito, utiwe karanga zilizotwangwa au dagaa waliosagwa. Mboga za majani, matunda na mayai navyo viwepo. Kwa miezi 6 ya mwanzo mtoto anyonye maziwa ya mama tu.

5. Mama mjamzito apunguziwe mizigo, ahudhurie kliniki mapema, ameze vidonge vya kuongeza damu. Siku 1,000, tangu mimba hadi mtoto atimize miaka 2, ndizo siku za kumjenga mtu.

Ndugu zangu, tulifundishwa kuwa maadui zetu ni ujinga, umaskini na maradhi. Kalamu tumeshaipata. Tuitumie kumwandika kila mtoto wa Ufipa, aliye hai na aliyetutoka, ili katika sensa na tafiti zinazokuja nusu ile iwe robo, na robo iendelee kupungua.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kijijini kwenu wamezaliwa watoto wangapi mwaka jana? Wangapi wamekufa? Nani anajua, na ameandika wapi?

2. Kati ya kila magunia 10 ya maharage mliyovuna, mangapi yalibaki nyumbani?

3. Nani anamlisha mtoto mdogo mchana wakati mama yuko shambani?