Kitabu Gani Tumnunulie Mwanafunzi wa Uuguzi?

(Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Kileleshwa, Nairobi)



Leo tuzungumze juu ya pesa za vitabu. Vikundi vingi huchanga ili kijana wa kijiji asomee uuguzi hapa Nairobi. Karo ikishalipwa, anapiga simu: mtihani wa Baraza la Wauguzi umekaribia, anataka kitabu cha ukunga na cha afya ya watoto. Mweka hazina anauliza, "Kitabu gani?" Hapo ndipo tunapokwama.

Mitaa kama hii ya Kileleshwa ina wageni wengi. Familia ikihama huacha maboksi ya vitabu, na vingine huishia kwa wauzaji wa mitumba mjini. Utakuta kitabu kinene, karatasi inang'aa, bei nafuu. Lakini jamani, jalada halifanyi mtihani. Kabla ya kutoa shilingi, ulizeni mambo matatu.

Kwanza, kiliandikiwa nchi gani? Fungueni ukurasa wa chanjo. Kitabu cha Marekani kitasema mtoto apate chanjo ya kwanza ya surua akiwa na miezi 12 hadi 15. Chanjo ya kifua kikuu haimo katika ratiba yao ya kawaida. Kenya mtoto huchanjwa kifua kikuu anapozaliwa, na surua akiwa na miezi 9, kisha 18. Si kwamba wao wamekosea. Huku kwetu surua humvizia mtoto mapema. Lakini mwanafunzi akikariri ratiba ya kule, atalikosa swali la huku. Na akiingia nayo kliniki, atamrudisha nyumbani mtoto aliyestahili kuchanjwa siku hiyo.

Pili, ni cha mwaka gani? Kitabu cha kabla ya 2001 huenda kikasema mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi 4 hadi 6. Mwaka huo Shirika la Afya Duniani lilikata shauri: miezi 6 kamili. Mwaka 2004, shirika hilo na UNICEF yalishauri mtoto anayehara apewe vidonge vya zinki pamoja na maji ya ORS. Mwaka 2016 lilishauri mjamzito aonwe kliniki mara 8, si 4 tena. Kitabu cha zamani chaweza kufundisha vizuri jinsi mtoto anavyokaa tumboni. Kwa dawa na ratiba, kisitegemewe.

Tatu, kinafuata mtaala? Mwanafunzi alete orodha ya chuo chake, mlinganishe na yaliyomo. Na vile vitabu vya maswali na majibu? Vinafaa kujipima, baada ya kusoma. Kukariri kwamba jibu ni "B" hakumsaidii mbele ya mama anayetokwa na damu usiku wa manane.

Kuna kitabu kingine ambacho tayari kimo nyumbani kwenu: kile kijitabu cha mama na mtoto anachopewa mjamzito kliniki. Kina ratiba ya chanjo ya Kenya na chati ya uzito wa mtoto. Kina mama, msikitupe. Mwanafunzi akija likizo, keti naye, akueleze kila ukurasa kwa lugha ya nyumbani. Akishindwa kukueleza wewe, bado hajaelewa.

Shauri letu ni hili: kikundi kinunue kitabu kimoja cha ukunga na kimoja cha watoto, vya karibuni, vibaki mali ya kikundi. Mwanafunzi atie sahihi, akimaliza avirudishe kwa anayefuata. Ila kila mnapovikabidhi, tazameni tena mwaka.

Maswali ya kuzungumzia kikundini:
1. Vitabu tulivyonunua ni vya mwaka gani, na vya nchi gani?
2. Nani kati yetu bado ana kijitabu cha kliniki?
3. Nani atatunza daftari la vitabu?