Raba za Michezo: Nunua Kiatu cha Mguu wa Leo

Leo tutazungumza juu ya viatu vya michezo vya watoto wetu.

Huenda una mtoto aliyekuwa akipenda sana kukimbia. Sasa siku ya michezo ikifika anasema tumbo linamuuma, au anaketi kando ya uwanja akiwatazama wenzake. Kabla ya kumwita mvivu, mvue viatu uangalie miguu yake. Je, kuna malengelenge kwenye visigino? Je, kucha zimegeuka nyeusi? Je, vidole vimejikunja? Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kiatu usichokivaa wewe, hujui kinavyouma. Na watoto wengi hawasemi, kwa sababu wanajua ulijinyima ili uwanunulie.

Kosa tunalolifanya wengi wetu ni kununua kiatu kikubwa tukisema, "Atakua nacho." Kisha tunajaza magazeti mbele. Sababu yetu inaeleweka, kwani pesa ni haba na mtoto hukua haraka. Lakini ndani ya kiatu kikubwa mguu huteleza huku na huku, ngozi huchubuka, na mtoto hukunja vidole ili kiatu kisitoke. Akikimbia, anajikwaa na kuanguka. Kiatu kidogo nacho hubana vidole, na ukucha unaweza kuingia ndani ya nyama na kutunga usaha.

Pengine utauliza, mbona wakimbiaji wetu wengi walikua wakikimbia pekupeku? Ni kweli. Hata Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda mbio za marathoni za Olimpiki huko Roma mwaka wa 1960 bila viatu. Inasimuliwa kwamba viatu alivyopata havikumkaa vizuri. Mwaka wa 1964 huko Tokyo alikimbia akiwa na viatu, na akashinda tena. Basi ubaya hauko katika kuvaa viatu. Ubaya uko katika kuvaa kiatu kisichotoshea. Nasi huku kwetu tuna funza, misumari, vigae vya chupa, na minyoo ya safura inayopenya kwenye ngozi ya wayo. Mtoto anahitaji viatu, lakini viwe vya mguu wake.

Sasa, utapimaje? Pima jioni, kwa kuwa miguu huvimba kidogo baada ya shughuli za siku. Mvalishe mtoto soksi atakazochezea, kisha asimame juu ya kipande cha kadibodi. Asiketi, kwa sababu mguu hutanuka unapobeba uzito wa mwili. Chora miguu yote miwili na ufuate ule mkubwa. Kisha kata kijiti chenye urefu wa kutoka kisigino hadi kidole kirefu zaidi, ukiongeza sentimita 1 hadi 1.5, yaani karibu upana wa kidole chako cha shahada. Nafasi hiyo inatosha mguu kusogea na kukua kidogo.

Beba kijiti na kadibodi hadi dukani au kwenye mitumba, iwe ni Gikomba, Kongowea, Kibuye au soko la kwenu. Tia kijiti ndani ya kiatu. Kisipoingia kikanyooka, kiatu ni kidogo. Kikibaki na nafasi kubwa, kiatu ni kikubwa. Usitegemee namba iliyoandikwa, maana kiatu kimoja kinaweza kuwa na namba ya Uingereza, ya Marekani na ya Ulaya, zote tofauti. Ukiweza, nenda na mtoto, avae vyote viwili na akimbie hatua chache. Kisigino kisichomoke.

Kisha tumia mikono yako. Bonyeza sehemu ya kisigino, iwe imara. Kunja kiatu, kikunjike pale vidole vinapokunjika, si katikati. Jaribu kukisokota, kisisokoteke kama kitambaa unachokikamua. Ikiwa ni cha mtumba, kiweke mahali palipo sawa ukitazame kwa nyuma. Kama kimeegemea upande mmoja, kiache, kwa kuwa mwenye nacho wa kwanza alishakipinda kwa mwendo wake. Angalia pia kama soli imepasuka, imekauka au imeanza kubanduka. Ukifika nyumbani, kioshe kwa sabuni, hata ndani, na ukikaushe kabisa kabla mtoto hajakivaa, ili kupunguza hatari ya fangasi.

Kwa mbio na mazoezi ya shuleni, raba za kawaida zinatosha. Njumu ni za kandanda kwenye nyasi. Kwenye uwanja mgumu wa murram, meno yake huudunga wayo na mtoto huteleza. Wala usidanganywe na jina kubwa lililoandikwa ubavuni. Raba ya bei nafuu inayomtosha mtoto ni bora kuliko ya bei ghali inayompwaya.

Hifadhi kile kijiti. Kila shule zinapofunguliwa, pima tena. Kwa mtoto ambaye hajaanza shule, pima kila miezi 3. Viatu vikiwa vidogo lakini bado vizima, mpe mdogo wake au jirani, naye apime vivyo hivyo.

Kuna jambo moja zaidi. Watoto wa kati ya miaka 8 na 14 wanaocheza sana huweza kuumwa na kisigino wakati mifupa inapokua. Mpumzishe asikimbie kwa muda. Lakini mtoto akichechemea kwa siku kadhaa, mguu ukivimba, maumivu yakimwamsha usiku, au kidonda kikitoa usaha, usingoje. Mpeleke kwenye kituo cha afya.

Basi mama, jioni ya leo, kabla mtoto hajalala, mwite. Mvue soksi, shika miguu yake, na umuulize wapi panauma. Ukimuuliza kwa upole, atakuambia.