SAA YA KITABU KATIKA NYUMBA YA MFANYA KAZI

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi la Kisumu)



Tumepewa nafasi ya kusema juu ya kusoma. Wengine wenu mkisikia neno hilo mwafikiri mitihani, au masomo ya kupandishwa cheo. Leo sivyo. Twataka kusema juu ya kusoma kwa kujifurahisha tu: hadithi, riwaya, visa vya wapelelezi, habari za safari, yaani kitabu ambacho ukikimaliza hakuna atakayekuongezea hata senti moja. Na twasema na wazazi hasa, kwa maana ndio watuambiao kila siku, "Ningependa sana, lakini saa iko wapi?"

Swali hilo ni la haki, basi tuhesabu. Juma lina saa 168. Amri ya mishahara ya nchi yetu yasema juma la kawaida la kazi lisizidi saa 52, kwa siku 6. Tukilala saa 7 kila usiku, ni 49. Zabaki 67. Zimekwenda wapi? Kutembea kwenda kazini na kurudi, kungoja matatu, sokoni Kibuye, kanisani au msikitini, matanga nyumbani Seme au Bunyore, mtoto mwenye homa, shamba dogo la mboga. Na simu, ndugu zetu. Simu hula nusu saa bila hata kubisha hodi.

Lakini hesabu hiyo ni ya baba. Ya mama hatukuweza kuimaliza, kwa sababu kazi yake haina kengele ya kufunga. Mke wa mwenzetu mmoja katika nyumba za reli alituambia hivi: "Mwanamume akishika kitabu husemwa amepumzika. Mimi nikishika kitabu husemwa sufuria itaungua." Tulicheka, kisha tukanyamaza.

Hapo ndipo penye jambo letu la leo. Sisi watu wa reli tunajua zamu kuliko watu wote wa mji huu. Dreva akimaliza saa zake huja mwenzake kumpokea. Gadi vivyo hivyo. Hakuna chama duniani kitakachokubali dreva aendeshe garimoshi kutoka Nairobi hadi Kisumu, ageuke hapo hapo, arudi Nairobi, kisha aambiwe kesho asubuhi aanze tena. Chama kilipigania kupokewa. Je, nyumbani nani humpokea mama?

Twasema wazi: katika nyumba nyingi wasaa wa baba hutoka mgongoni mwa mama. Ukitaka kusoma, usiutafute wasaa huo usingizini, maana mtu wa reli asiyelala ni hatari kwa wengine. Utafute kwa kugawana kazi. Jioni mbili kwa juma baba ashike jiko na watoto, mama akae na kitabu chake. Jioni mbili nyingine mama ashike, baba asome. Andikeni zamu hiyo kwenye karatasi na kuibandika ukutani, kama tunavyobandikiwa zamu zetu kazini, maana lisiloandikwa husahauliwa na yule linalomlemea. Nusu saa kwa jioni hizo mbili ni saa moja kwa juma. Msomaji wa polepole husoma kurasa 25 kwa saa, basi kitabu cha kurasa 150 humalizwa kwa majuma 6. Si haraka, lakini kwa mwaka ni vitabu 8 kwa kila mmoja. Wangapi hapa wamesoma vitabu 8 tangu watoke shule?

Shule nayo ina neno lake. Wengi wetu tuliosoma shule za misheni tulifundishwa kwamba kitabu ni cha kujibia maswali. Hadithi ilikuja na maswali kumi chini yake, na ukikosea, fimbo. Haishangazi kwamba mtu mzima akionekana na riwaya huulizwa, "Unasomea nini?" Jibu zuri ni hili: "Ninasomea kujua nani aliyemwua." Asiyeamini aanze na Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla wa Unguja, kilichoshinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957-58 na kupigwa chapa mwaka 1960. Bwana Msa na kiko chake watamfanya asahau mbu.

Na mbu si mzaha. Hapa tuko karibu kabisa na ikweta. Mwaka mzima jua huzama karibu saa moja kasorobo, na mbu wa ziwani hawangoji. Kwa hiyo mahali pazuri pa kusomea ni ndani ya neti, taa ikiwa karibu, na watoto wakiwamo humo. Wasomeeni kwa sauti. Wala si desturi ya kigeni. Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi, ambamo wasichana walilala na kusikia hadithi jioni baada ya kazi za siku. Grace Ogot, aliyezaliwa mwaka 1930, alipata hadithi za kale kwa bibi yake, na visa vya Agano la Kale kwa baba yake. Alikuwa mwuguzi na mkunga, alifanya kazi katika hospitali ya Maseno, akawa mama wa watoto 4. Na mwaka 1966 riwaya yake, The Promised Land, ilitoka. Aliifahamu vema kazi ya mchana na ya usiku.

Wafanya kazi wa nchi nyingine waliliona jambo hili kwa njia yao. Huko Cuba, tangu mwaka 1865, wasokota sigara katika viwanda vya Havana walichanga fedha wenyewe kumlipa msomaji mmoja, awasomee magazeti na riwaya mikono yao ikiendelea na kazi. Wakubwa wakaingiwa na hofu. Mwaka 1866 serikali ya Kihispania ikapiga marufuku. Baadaye desturi ikarudi. Hatusemi mtu asome akiwa kwenye pointi za yadi! Garimoshi halingoji mwisho wa sura. Lakini dreva anayelala ugenini Nakuru, au baharia anayengoja meli ipakiwe, ana saa ambazo hazina mwenyewe.

Bei ya vitabu twaijua. Sheria ya mwaka 2013 iliviwekea vitabu kodi ya asilimia 16, na hiyo ni kodi juu ya kichwa cha maskini. Ila tunayo maktaba mjini. Sheria ya mwaka 1965 ndiyo iliyoanzisha huduma ya maktaba za taifa, na Katiba ya mwaka 2010 iliweka maktaba katika kazi za kaunti. Basi chama kiiandikie kaunti kuomba mlango uwe wazi jioni na Jumapili kwa ajili ya watu wa zamu.

Wakati tukingoja jibu, twaomba kamati itoe kabati lile tupu lililo katika ofisi ya tawi. Kila mwanachama alete kitabu kimoja, cha lugha yoyote. Muda wa kuazima uwe majuma 6, kwa hesabu ile tuliyoifanya. Wake wa wanachama waandikwe daftarini kwa majina yao wenyewe, si "mke wa fulani". Na ufunguo asipewe katibu, maana katibu huenda mikutano Nairobi nao uko mfukoni.