Kongosho Linapovimba: Dripu, Dawa na Pumzi

Msikilizaji, kongosho likivimba ghafla, mtu huumwa vibaya juu ya kitovu, maumivu yakapenya hadi mgongoni. Hutapika bila kupata nafuu, na wengi huinamia mbele wakijishika tumbo. Mara nyingi chanzo ni mawe ya nyongo au pombe. Usisubiri kupambazuke, mpeleke hospitali.

Wodini, muuguzi humtundikia dripu, humpa dawa ya maumivu kwa wakati, na hupima mkojo. Mtu mzima wa kilo 60 akitoa chini ya mililita 30 kwa saa, daktari hujulishwa. Kwa hiyo ndugu mnaouguza, tafadhali, msimwage mkojo huo kabla haujapimwa. Na chakula? Zamani mgonjwa alizuiwa kula siku nyingi. Leo, kutapika kukipungua na njaa ikirudi, huanzishiwa chakula laini kisicho na mafuta mengi.

Kisha kuna hofu. Maumivu na hofu hiyo humkaza mgonjwa mwili, akapumua juu juu, na mapafu hayajai vizuri. Muuguzi mwema, dawa ikishaanza kufanya kazi, huketi kando yake: "Mama, weka mkono kifuani. Vuta pumzi polepole. Sikia hewa inavyoingia. Mawazo yakikimbia, usigombane nayo. Rudi kwenye pumzi." Dakika chache zatosha. Utulivu huu hauchukui nafasi ya dawa, na asiyeweza kutulia asilaumiwe hata kidogo. Lakini ndugu, mgonjwa akianza kuhema au kuchanganyikiwa mkiwa naye peke yenu, acheni zoezi, mwiteni muuguzi papo hapo.